Siku Nyakundi Alipopasuliwa Mgongo

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa au kumi, nani alihesabu, niliambiwa nishike kichwa cha kaka yangu akipasuliwa mgongo. Haikuwa hospitalini. Ilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye migomba, juu ya ngozi ya ng'ombe.

Nyakundi alikuwa akichimba mawe ya sabuni, yale laini ya kuchonga, kule Tabaka. Ukuta wa shimo ukamwangukia. Walimleta nyumbani juu ya mlango wa mbao, na wiki nzima hakuinua hata kidole cha mguu. Baba akamwita omobari, yule mganga wetu wa kisu anayefungua vichwa na migongo. Wengine aliowapasua walirudi kulima. Wengine walizikwa. Hayo yote nilikuwa nimeyasikia.

"Kemunto," Nyakundi aliniambia nilipoketi, "nisipotembea tena utanibeba?"

"Na uzito huo? Nitakuacha hapo kuku wakudonoe."

Akacheka.

Kabla ya kisu kulikuwa na jambo. Tuliamini mtu hapasuliwi huku mtu wa nyumbani kwake ana kinyongo naye. Kidonda kitakataa kufunga, au miguu itakataa kuamka. Kwa hiyo omobari alizungusha kibuyu cha maji: kila mtu aseme lililomkaa moyoni, achukue funda, ateme chini.

"Semeni sasa," alisema. "Nikishaanza sitaki sauti ya mtu."

Baba alisema alikasirika kijana alipopoteza mbuzi. Akatema. Mama mdogo alisema Nyakundi alimwita mchoyo mbele ya wageni.

"Na bado ni mchoyo," Nyakundi akasema, amelala kifudifudi, hata omobari akatabasamu.

Kibuyu kikanifikia. Langu lilikuwepo. Baba alinitoa darasa la pili ili Nyakundi asome. Nyakundi akasoma mwaka mmoja, akachoka, akakimbilia mawe. Nilimchukia kila asubuhi nikiona wenzangu wakipita na madaftari. Lakini Baba alikuwa amesimama pale, ananitazama, na kumsema Nyakundi ilikuwa kumsema yeye.

"Mimi sina," nikasema. Nikatema maji.

Kisu sitakieleza. Nyakundi aliuma kitambaa, na meno yake niliyasikia yakisagana ndani ya viganja vyangu, nami nawaza: sema sasa, Kemunto, sema sasa. Sikusema. Kidonda kilipona. Miguu haikuamka.

Watu wa Ogembo, ninakoishi sasa, husema nina mdomo kama wembe. Labda ulinolewa siku hiyo. Lakini mdomo mkali hutoa madogo haraka, na yale yanayouma kweli hubaki ndani. Hilo nimelijua mwaka huu.

Binti yangu Kwamboka, mwenye duka Nyamira, aliota uvimbe kwenye uti wa mgongo. Daktari wa Kisii mjini, kijana mpole, alituambia wazi: wakiuacha atapooza, wakiutoa anaweza kupooza palepale mezani. Kwamboka akatia sahihi. Mimi nikatoka nje.

Asubuhi ya kupasuliwa nilikaa kando ya kitanda chake. Mikono yake ilikuwa baridi.

"Kwamboka, nina kinyongo nawe."

"Mama. Leo?"

"Leo. Nilipougua malaria ulikaa Nyamira ukinipigia simu tu, kama mtu wa benki."

"Hilo umeliweka muda wote huu?"

"Muda wote."

"Nisamehe. Na mimi ninalo. Ulinichapa mbele ya mchumba wangu."

"Alikuwa mwizi yule."

"Mwizi alikuwa yeye. Aliyechapwa ni mimi."

Nikamwambia ni kweli, nilikosa. Nikachukua funda la maji kwenye chupa yangu, nikatema ndani ya beseni. Yeye alikuwa amekatazwa kunywa, akasukutua tu, akatema. Muuguzi alitutazama kama wagonjwa wa wodi ya vichaa. Kisha wakamchukua.

Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Kila mlango ulipofunguka niliona wakileta habari mbaya. Sikuomba vizuri, maneno yalikuwa yakinikimbia. Jioni, Kwamboka akiwa amerudishwa wodini, daktari alimkwaruza unyayo kwa funguo, na mguu ukaruka. Nikaketi sakafuni, kiti kiko pale pale.

Nilipopata nguvu nilimweleza kijana yule habari za Nyakundi na kibuyu.

"Bibi," akasema, "pengine uti wake ulikatika siku ile ile ya jiwe. Hata mimi nisingeweza kitu."

Sawa. Nimemwamini, ingawa nimechelewa miaka sitini. Mgongo wa Nyakundi haukuwa kosa langu. Lakini Nyakundi aliishi miaka kumi baada ya kisu, amekaa kwenye kigoda akichonga bakuli za mawe, nami kila mchana nilimpelekea uji. Tuliwasema watu wote wa kijiji, hatukumwacha hata mchungaji. Nafasi ya kumwambia habari ya shule ilikuwepo kila siku, kati ya bakuli na uji. Labda angenitukana, labda angeniomba msamaha. Nilingoja siku nzuri zaidi, mpaka tukamzika.