Nilikuja kwa Ajili ya Mbu, Nikapewa Kupe

Siku yangu ya kwanza maabara, huko Maryland, Marekani, profesa aliyekuwa msimamizi wangu alinikabidhi suruali nyeupe, kibano na kipande kirefu cha kitambaa cha flaneli.

"Kesho tunaingia msituni," akasema. "Soksi zivae juu ya suruali."

Nikamuuliza mbu wanafugwa chumba gani. Akanitazama kwa mshangao. "Mbu? Ufadhili wako ni wa kupe."

Barua ya ufadhili ilisema nitasoma uzamili wa elimu ya wadudu na afya ya jamii, ada na posho vikilipwa. Mimi nikajijazia mbu mwenyewe. Mdogo wangu Juma alikufa kwa malaria huko Kilosa, na tangu siku ile sikutaka kusomea kitu kingine. Tena kupe hata si mdudu kamili. Ana miguu minane, ni jamaa wa buibui.

Nilimpigia mama simu nikilia. "Kupe?" akauliza. "Hawa wa ng'ombe?" Kisha akasema, "Rudi nyumbani, mwanangu, au soma. Lakini usikae hapo katikati."

Nikabaki. Kazi yetu ilikuwa kukokota flaneli juu ya majani, halafu kuigeuza na kuwanyofoa kupe walionasa. Wachanga ndio wabaya: wadogo kama ufuta, wanauma usihisi chochote, na baadhi yao hubeba bakteria wa ugonjwa wa Lyme. Niliifanya kazi vizuri, lakini bila moyo.

Kiangazi cha pili, Mama Kerubo, Mkenya tuliyesali naye kanisa moja Germantown, alinipigia. Alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba zao, na si mtu wa kubabaika ovyo. Siku ile alibabaika.

"Dada Neema, uso wa mzee wangu umepinda upande mmoja. Naona ni stroke."

"Piga ambulansi sasa hivi, stroke haisubiri," nikamwambia. "Lakini mzee amekuwa akishinda wapi siku hizi?"

"Si ni kule nyuma ya nyumba, anafyeka kando ya msitu."

"Basi mwambie daktari hivyo hivyo. Mtajie kupe."

Haikuwa kiharusi. Vipimo vilionyesha ni Lyme, ambao huweza kupoozesha neva ya uso. Akapewa dawa, na uso ukarudi polepole. Jumapili aliyorudi kanisani, Mama Kerubo alinishika mkono muda mrefu. Nilimtazama nikamfikiria Juma, nikaona uchungu na furaha vimekaa pamoja, kimoja hakimfukuzi mwenzake.

Nilipomaliza uzamili niliendelea hadi uzamivu, kisha nikaajiriwa idara ya afya upande wa Virginia. Mkuu wa kitengo, mwanajeshi mstaafu, alikuwa na swali moja kila asubuhi: "Daktari, leo tumwonye nani?" Tukawaonya wakata nyasi, walimu, wazazi wenye watoto wa kucheza vichakani. Nilistaafu nikiwa nimekaa kwenye kiti chake.

Sasa vijana wanaoomba ufadhili huja kwangu Oxon Hill kuniuliza. Nawaambia waulize mapema fedha ni za utafiti gani, maana mwenye fedha ndiye anayechagua swali, nao wataishi nalo miaka mingi. Juzi binti mmoja wa Kigoma akaniuliza kama ningekubali tena ufadhili ule wa kupe.

Nilimwambia ndiyo. Kisha nikamwomba, kama atapata nafasi ya mbu, aichukue.