Mwenye Kamba

Mpaka leo nikiingia nyumba ya mtu nikakuta viti sita vimepangwa kuzunguka meza, sivikalii. Wenye nyumba hudhani nina kiburi, kwa sababu huomba mkeka nikakaa chini. Acha wadhani.

Ilikuwa miaka ya hamsini, katikati. Mume wangu alipata kazi ya kufundisha Kiingereza kwenye misheni moja huko Baraka, upande wa Wabelgiji. Sisi ni watu wa Kigoma, ng'ambo ya pili ya ziwa. Kwa Wabelgiji watu walisoma Kifaransa, lakini wazungu wa misheni ile walisema Kiingereza na walitaka makarani wa kuelewana nao. Tena walikuwapo wafanyabiashara waliotaka kuuza na kununua upande wetu bila kudanganywa. Mshahara ulizidi wa nyumbani. Tukakaa tukapanga: miaka miwili, tule kidogo, tuweke akiba, turudi tujenge nyumba yetu ya mabati, tutoke kwa mama mkwe. Binti yetu alikuwa ndiyo kwanza anasimama dede. Mtoto anataka maziwa, anataka nguo, anataka dawa, nasi tungepewa chumba kimoja. Tukamwacha kwa bibi yake. Wa kwanza kulisema neno hilo nilikuwa mimi, na ninaliandika hapa asije mtu akasema nimemtwisha mume wangu yote.

Mama mkwe hakujua kuandika, na hakuwaamini watu wa kumwandikia. Kila aliposikia mtumbwi wa biashara unavuka kwenda Baraka, alimsimamisha mtoto kwenye mwimo wa mlango, akampima kwa kamba ya mgomba kutoka kisigino hadi utosini, akaikata, akapiga fundo upande wa kichwa. Alimpima amesimama siku zote, maana anayepimwa amelala ni yule anayechimbiwa kaburi. Kamba alimpa mwenye mtumbwi, Mbembe mmoja mtu mzima, mwenyeji wa Baraka, aliyekuwa akileta chumvi na vitambaa kutoka Kigoma. Naye akifika ufukweni hunitumia salamu kwamba barua yangu ya kamba imefika.

Ya kwanza niliisimamisha ubavuni pangu, fundo likanifika katikati ya paja. Niliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikawa kila asubuhi nikifunga kanga nagusa lile fundo.

Miezi ya mwanzo tuliishi kama tulivyopanga. Tulikula bugali wa muhogo na ndagala, wale dagaa wa ziwani, jioni tukazima taa mapema. Kisha mume wangu akaanza. Kwanza kiti kimoja cha kusahihishia madaftari. Kiti kikataka meza. Meza ikataka viti vingine vitano, kwa kuwa wageni hawawezi kusimama. Ikaja suti nyeupe, vikombe, sukari ya kila siku. Nilipouliza akanijibu kwa upole, na upole wake ndio ulionikera zaidi:

"Nani atakuja kujifunza Kiingereza kwa mtu anayekaa chini akila ndagala?"

Wala hakusema uongo. Watu walikuja. Karani wa duka alikuja, fundi cherehani alikuja, hata msimamizi mmoja wa machimbo ya dhahabu alitoka Lulimba akafikia kwetu siku tatu. Waliona viti, wakaamini kwamba Kiingereza kinalipa. Wakajiandikisha masomo ya jioni. Kisha wakakaa kwenye viti vile vile wakala wali wangu, wakanywa chai yangu, na kile walichotoa kwa masomo wakaondoka nacho tumboni. Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba napuliza moto, machozi yananitoka, na si kwa moshi peke yake.

Nikatafuta njia yangu. Nilinunua ndagala wabichi kwa wavuvi, nikawaanika mchangani, nikawauzia wasafiri wa barabara ya Mboko. Biashara ilikwenda vizuri. Lakini mke mmoja wa mzungu alinikuta nimechuchumaa na ungo wangu, akamwambia mume wangu kwamba haipendezi. Mume wangu akarudi nyumbani ameinamisha kichwa, akaniomba niache. Nikaacha. Hilo sijalisamehe, na simsemi yeye, najisema mwenyewe niliyetii.

Miaka miwili ikaisha. Akasema mmoja zaidi, kwa sababu akiba haijafika hata milango ya hiyo nyumba. Nyuma ya mlango kamba zilikuwa saba, ya mwisho imepita nyonga yangu. Wiki hiyo hiyo akanunua gramafoni kwa mfanyabiashara aliyeshuka kutoka Uvira. Nilimtazama anavyoifuta vumbi kwa kitambaa laini. Sikumbuki kama aliwahi kumfuta mtoto wake kamasi kwa uangalifu ule.

Siku niliyosikia mtumbwi umefika sikungoja salamu, nilikwenda mwenyewe ufukweni. Yule mzee alikuwa anashusha mizigo. Aliponiona akajifanya ana kazi nyingi. Nilimuuliza kamba iko wapi. Akakaa juu ya gunia.

"Mama mwalimu, leo kamba hapana," alisema. "Bibi wa kule amekataa. Amesema hivi: kama mama yake anataka kujua mutoto iko murefu namna gani, akuje apime yeye mwenyewe."

Nilirudi nyumbani mbio, nikazitoa zile kamba saba msumarini, nikaenda nazo moja kwa moja hadi darasa la jioni kule misheni. Sikubisha hodi. Watu wazima kama kumi walikuwa wamekaa na madaftari, mume wangu mbele na suti yake na chaki. Nikazipanga kamba mezani pake moja moja, kuanzia fupi. Akaninong'oneza kwamba yuko kazini. Nami sikunong'ona.

"Huyu ni mtoto wako," nilimwambia. "Waambie wanafunzi wako kwa Kiingereza ana umri gani, anapenda kula nini, na sauti yake ikoje."

Aliishusha chaki mezani. Karani wa duka, aliyekuwa mbele, akafunga daftari lake.

"Mwalimu, somo ya leo imekwisha," akasema, na wote wakatoka nyuma yake bila kututazama.

Kesho yake nauli yangu ilikuwa gramafoni. Yule mzee aliikubali bila kubishana. Mume wangu ndiye aliyeibeba kichwani hadi ufukweni, na suti yake ile nyeupe, watu wakiangalia. Sikumwonea huruma. Alisema ataviuza viti na atanifuata, na kweli alinifuata, ila baada ya miezi minne. Nyumba ya mabati hatujajenga mpaka leo.

Kigoma nilifika mchana. Mama mkwe alikuwa uani anachambua maharage. Alinitazama, hakuinuka, akaendelea kuchambua. Kwenye mwimo wa mlango alisimama msichana mwembamba, amevaa gauni nisilolijua, amenyoosha mgongo na visigino amevibana mwimoni. Alikuwa ameona kitita cha zile kamba saba mkononi mwangu, akajisimamisha mwenyewe bila kuambiwa. Nilimwita jina lake. Hakuja. Aligeuza macho tu, kichwa asikitikise, akamwambia bibi yake:

"Bibi, mwenye kamba amekuja."