Ufunguo Aliobaki Nao Shemasi

Honi ndiyo ninayoisikia kwanza. Haikuwa honi ya lori wala ya pikipiki. Ilikuwa sauti pana ya gari la Kimarekani, sauti ambayo kijiji chetu chote, kule Kongo, kando ya barabara iendayo mji wa Baraka, kiliijua kwa sababu baba yangu ndiye aliyeitoa kaburini. Mama alikuwa amesimama barabarani, mkono mmoja tumboni na mwingine juu, anapunga. Alikuwa anatabasamu, na kutabasamu kule ndiko kunakoniua mpaka leo, maana aliamini wanakuja kutuchukua. Shemasi Asukulu alipiga honi kumtaka atoke njiani. Alipoona hatoki alikata usukani, magurudumu yakapita kwenye majani karibu na miguu yake, akaenda. Nilikuwa nimembeba mdogo wangu Wilondja mgongoni, na vumbi likatuingia midomoni. Nyuma ya gari niliona cherehani ya mke wa shemasi, ngoma za kanisa, magunia, na mbuzi mmoja amefungwa miguu. Palikuwa na nafasi. Nasema tena, nafasi ilikuwepo.

Sasa nirudi nyuma, ili msomaji ajue gari lile lilitoka wapi na lilikuwa la kazi gani. Mimi si mtu wa shule, niliishia darasa la tatu, lakini haya hayahitaji shule. Nyuma ya ghala la zamani la pamba palikuwa na gari lililoachwa na Mmarekani mmoja mnunuzi wa pamba, zamani kabla sijazaliwa. Lilikuwa gari la ajabu. Mbele ni gari dogo la kifahari, boneti ndefu kama meza ya harusi, taa mbili mbili kila upande; nyuma hakuna viti, kuna karai la pikapu la kubebea mizigo. Watu walilibandika jina la Nusu-Nusu. Sisi watoto tulikuwa na wimbo wetu, mbele bwana arusi, nyuma mchukuzi. Hakuna aliyewahi kuliona lingine kama hilo, si Uvira, si Bukavu. Kuku walitagia ndani yake, nyigu walijenga kwenye bomba la moshi, na mmea wa maboga ulikuwa umeingia dirisha moja ukatokea jingine. Ukifungua mlango ulipokelewa na harufu ya kinyesi cha kuku, ngozi iliyooza na mafuta ya zamani, na mimi harufu hiyo niliipenda kuliko ya mkate.

Baba alikuwa fundi wa malori kabla kampuni ya pamba haijafungwa. Alipita karibu na gari lile miaka yote bila kulitazama mara mbili. Kilichomfanya alitazame ni nesi wa zahanati. Kiangazi kilipoanza, Mama alikwenda kupimwa mimba, nami nilikuwa naye. Nesi alimbonyeza tumbo kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama, uyu mutoto amelala kando. Akibakia vile, huku hatumuwezi. Ni hospitali, ni kisu. Bon, mutafute namna ya kufika kule, mbele ya uchungu kukamata." Hospitali ilikuwa mbali, na malori yaliyopita njia ile yalipita yakitaka, mengine hayakupita kabisa. Mama alimweleza Baba jioni hiyo huku akipepeta mchele, kama anayesimulia habari za jirani. Asubuhi Baba akachukua panga, akaenda nyuma ya ghala, akaanza kukata mmea wa maboga.

Watu walicheka sana. "Fundi, umekuwa Yesu? Unamwita Lazaro?" Mwingine akadakia, "Lazaro alikuwa na nafuu, alikaa siku ine tu. Hili hata mifupa imesahau!" Baba alishika spana. Alifungua plagi zote, akamimina ndani ya silinda mafuta ya taa yaliyochanganywa na mafuta ya injini, akaacha yanywe. Injini ilikuwa imeshikana kama meno ya maiti. Kila asubuhi alitia spana ndefu kwenye ncha ya shafti, akailalia kwa uzito wake wote, ikakataa. Anarudi nyumbani, anakula, analala. Siku ilipozunguka upana wa kidole alipiga kelele mpaka Mama akatoka mbio na tumbo lake, akadhani ameumia. "Imekubali, Mama Riziki! Njoo uone, imekubali!" Alimshika mkono akamwekea kwenye ile spana, wakasukuma pamoja. Sijawahi kuwaona wazazi wangu karibu vile, kabla wala baadaye.

Tangu siku hiyo hakuna aliyecheka. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na kijiji kilileta mikono. Wanawake na watoto tulikwangua kutu kwa majani ya msasa mpaka vidole vikatoka damu na rangi nyekundu ya zamani ikaanza kuchungulia, nyekundu ya pilipili. Kabureta Baba aliisafisha kwa petroli na unyoya wa kuku, tundu moja moja, anapuliza, anaangalia kwenye jua. Gasketi alizikata kutoka ngozi ya ng'ombe. Rejeta ilivuja akaiziba kwa sabuni. Mlango wa nyuma wa karai haukuwepo, seremala akachonga wa mbao. Mama alishona vitambaa vya viti kwa vitenge vyake vya arusi, na kwenye karai aliweka godoro la majani makavu, akalilalia kulijaribu, akasema, "Nitasafiri kama bibi wa gavana." Tulicheka wote. Siku injini iliponguruma, ardhi ilitetemeka, moshi mweusi ulitoka na viota vya nyigu, na wazee walivua kofia.

Hapa ndipo pa kunisikiliza vizuri, maana wasio wa kanisa letu hawataelewa. Kwetu, kitu kipya hakitumiki kabla ya kuombewa. Iwe baiskeli, iwe jembe, iwe mavuno ya kwanza. Unakipeleka uani kwa kanisa, kinalala pale mpaka Jumapili, kinawekewa mikono, ndipo unakirudisha nyumbani. Kikiwa pale hukigusi, ni cha Mungu. Baba aliliendesha gari mwenyewe siku ya Alhamisi, akalizima chini ya msalaba, akatoa ufunguo kwa mikono miwili kama sadaka. Mchungaji Mmunga aliupokea, akampa Shemasi Asukulu autunze. Mama alisema njiani tukirudi, "Baba Riziki, tungeenda tu. Wataliombea tukirudi." Baba akamjibu, "Nitaanzaje safari ya kisu bila baraka? Jumapili si mbali." Jumatatu ndiyo tulipanga kuondoka.

Jumamosi risasi zilisikika upande wa mlimani. Watu walianza kukimbia na vyungu vichwani. Baba alikwenda mbio kwa Shemasi Asukulu, nami nyuma yake. Shemasi alikuwa ameshalisogeza gari mlangoni kwake, wanawe wanapakia. Hakushtuka kutuona. Alimwambia baba yangu, kwa masikio yangu haya, "Fundi, donc, usiwe na wasiwasi. Mutoe mama, mukae pale barabarani. Nitawapitia." Kijana wa seremala alimvuta Baba pembeni. "Papa, nyaya zile ulizifunga weye mwenyewe. Akiingia ndani kuchukua magunia, ziunganishe, tuende! Ufunguo wa nini?" Baba alimtazama kama aliyetukanwa. "Nimekwisha kulitoa. Siwezi kumwibia Mungu." Akageuka, akaenda kumchukua Mama.

Tukasimama barabarani. Lililobaki nimelisema tayari. Naongeza moja tu: Mchungaji Mmunga alikuwa ameketi kiti cha mbele, na walipotupita aliangalia mapaja yake. Amekwisha kufa, hesabu yake iko kwa Mungu.

Tulitembea. Uchungu ulimkamata Mama siku iliyofuata, kwenye shamba la mihogo ambalo sijui hata leo lilikuwa la nani. Wanawake watatu wasiotujua walimzunguka kwa khanga. Alilia mpaka sauti ikakauka, na mtoto hakugeuka. Baba alikaa mbali, mgongo kwetu. Kabla jua halijazama wanawake wale walisimama mmoja mmoja, wakanifunika uso kwa kitambaa. Baba aliazima jembe. Tangu hapo hadi tulipomzika kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, sikumwona akigusa spana tena. Watu walimletea redio, baiskeli, wakamwomba. Alisema mikono inauma. Nami namtaja pia, ingawa ni baba yangu. Alimwogopa Mungu mahali pasipotakiwa kuogopa. Lakini yeye alilipa mpaka siku ya mwisho, na aliyelipa simdai.

Leo niko Marekani, Shively, upande huu wa mji wa Louisville, nafunga maboksi ghalani. Wilondja, yule niliyembeba mgongoni, amekuwa fundi wa magari. Aliishi East Side kule mji wa Buffalo, sasa amehamia Cheektowaga, kitongoji cha huko huko, na watoto wake. Mkono wa Baba umemwingia yeye bila kufundishwa. Na Shemasi Asukulu yuko mji wa Columbus. Siku hizi ni Mzee Asukulu, mzee wa kanisa, mvi nzuri, suti nzuri, wanawe wana nyumba. Mwaka jana alipata gari kwenye ghala la mkulima mmoja nje ya mji, limefunikwa na nyasi kavu. Boneti ndefu, taa mbili mbili, nyuma karai. Ni aina ile ile, ila rangi ya bluu. Wamarekani wenyewe wanalitafuta kwa tochi, yamebaki machache. Akampigia simu Wilondja aje alifufue.

Wilondja akaenda. Alikwenda mwisho wa juma baada ya mwisho wa juma, theluji hadi joto, kutoka Buffalo hadi Columbus. Aliniletea picha kwenye simu kwa furaha: injini imening'inizwa kwa mnyororo, bodi imekwanguliwa hadi chuma, mlango wa nyuma wa asili uliotafutwa mpaka ukapatikana jimbo lingine. Nilimwambia gari lile la kwanza lilikuwa la nani na lilimfanya nini mama yake. Akaniita yaya, yaani dada mkubwa, kama kawaida yake: "Yaya, bon, ni zamani. Mimi sikumbuki hata sura yake. Na Papa Asukulu amenipenda kama mtoto." Kikulacho ki nguoni mwako. Sikumlaumu, alikuwa mtoto wa mgongoni.

Kiangazi hiki kanisa lao lilifanya sherehe, nami nikapanda basi la Columbus. Gari lilikuwa uani, linang'aa, watoto wanajipiga picha. Mzee Asukulu alipewa kipaza sauti. Akawaambia vijana kwamba kule nyumbani, kwa mikono yake mwenyewe, aliwahi kufufua gari kama hili kutoka kwenye maboga, na vita ilipofika Mungu alilitumia gari hilo kuokoa watu. Vijana walipiga makofi. Wengine walisimama. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nilimtazama Wilondja, alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, mikono iliyokuwa safi.

Nilimfuata mzee kwenye meza ya chakula. "Riziki, mwanangu! Umekula?" Nikamwambia, "Papa, mama yangu alikuwa barabarani. Ulituambia tukungoje." Alishika sahani yake, akaangalia wali. "Watu walikuwa wengi barabarani, mwanangu," akasema. Mwanawe aliuliza kwa Kiingereza huyu mama ni nani. Akajibu kwamba ni mtu wa nyumbani tu. Nje, Wilondja alinishika bega. "Yaya, tumufanye nini sasa? Ni muzee." Nikamwambia, "Na mama angekuwa muzee."

Wanasema shoka husahau, mti hausahau. Mjini kwetu hapa, jirani yangu mzungu aliumwa tumbo mwezi uliopita. Gari la wagonjwa lilifika kabla sijamaliza kumvalisha viatu, vijana wawili wakamlaza taratibu, hawakumuuliza jina wala dini. Mimi mwenyewe nilimzaa binti yangu wa mwisho kwa kisu hapa Louisville. Daktari aliniambia mtoto amelala vibaya, akatabasamu, akasema ni jambo dogo. Nililia, wakadhani naogopa sindano. Ningewaelezaje kwamba jambo dogo hilo kwetu lilikuwa na gari lake, lenye godoro na petroli, likisubiri Jumapili? Huku mtu huogopa gari kuchelewa. Sisi letu halikuchelewa. Lilifika kwa wakati, likatupita. Umaskini ungekuwa ndio uliomuua mama yangu, ningenyamaza, maana umaskini hauna sikio la kuambiwa. Vita nayo haina mlango wa kubisha. Lakini mtu ana jina, na nyumba yake naijua.

Kwa hiyo nakuuliza wewe, Asukulu, wala sikuiti papa. Watu hawakuwa wengi barabarani. Aliyesimama mbele ya gari alikuwa mmoja, na ulimjua, alikupikia ulipofiwa. Jina lake ni Mariamu Ebuela, mke wa fundi. Simama Jumapili ijayo mbele ya hao vijana waliokupigia makofi, useme jina hilo kwa kinywa chako, kisha uwaambie, na mimi nikiwa nimekaa benchi la mbele nikisikiliza: kwa nini hukusimama?