Milango ya Baba na Fundi wa Kihesa

Sisi tuliokulia Mafinga, wakati simu bado ni kitu cha kufuata posta, hatukuhitaji saa ya kutuamsha. Randa ya Baba ilitosha. Alikuwa seremala, na karakana yake ilipakana na jiko, kwa hiyo hata uji wetu ulinukia msonobari. Asubuhi za Juni, baridi ikiuma mpaka masikio, tuliwasha moto kwa maranda na kugombania kiazi cha kuchoma.

Bawaba za kikombe, zile zinazojificha ndani ya kabati, zilipoingia mjini, Baba hakuzirukia. Alitafuta kwanza biti yake, chuma cha kutobolea: nene, ya duara, yenye ncha fupi katikati, inayochimba shimo lenye sakafu tambarare la kulaza kikombe bila kutokea upande wa pili. Aliihifadhi kwenye soksi iliyolowa mafuta, na ole wako uiguse. Kabla ya kutoboa mlango wa mtu alitoboa kipande cha mbao cha unene uleule, kisha akatuita tuingize vidole. Chini pawe laini, na upande wa pili pasiwe na hata kipele. Hapo ndipo alipougeukia mlango. "Anza kutoboa kisichokuuma," alikuwa akisema, nami nikadhani kila mzazi duniani husema hivyo.

Mafundi wa siku hizi hawana muda wa kipande. Wana spika ya muziki.

Baba tulishamzika. Mwaka jana Mama akahamia kwangu hapa Kihesa. Kabati ambalo Baba alimtengenezea walipooana lilikuwa limeliwa na mchwa, ikabaki milango miwili ya mninga, mizima kabisa, na Mama alikataa kupanda gari bila hiyo milango. Nikaona itengenezewe kabati jipya jikoni, ili kila asubuhi afungue kitu kilichopita mikononi mwa mumewe.

Fundi akaja. Kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri kuliko ubao wowote aliowahi kuugusa, bingwa wa majiko ya kisasa kwa maneno yake mwenyewe. Kabati alilijenga, likasimama. Siku ya kufunga milango kwa bawaba za kikombe akatoa kwenye begi biti ya bapa, ile yenye mwiba mrefu mbele, ya kupitishia nyaya kwenye mbao. Nikamuuliza kama hana ya duara. Akacheka, akasema zote zinatoboa, na hii inakula haraka. Mama, akiwa kwenye kigoda chake, akamwomba ajaribu kwanza kwenye kipande.

"Bibi usiwaze," akasema. "Hizi nimefunga nyingi."

Drili ikalia. Shimo la kikombe halijafika kina chake, mwiba ukachomoza upande wa pili na kuuchana uso wa mninga ambao Baba aliupiga msasa mpaka ukateleza kama sahani. Bingwa akatazama tundu, akatazama simu yake, kisha akapendekeza abandike stika ya ua. Stika! Mlango uliolea watoto na kudumu ndoa nzima bila ufa, autibu kwa ua la plastiki. Nilimwonyesha njia ya kutokea, na sikumsindikiza.

Enzi zetu umeme ulikuwa wa kubahatisha. Baba alizungusha keekee kwa mkono, kifua kikiisukuma, na kazi ya asubuhi ikaisha jioni, lakini kabati likafungwa. Leo kila kona ya mtaa kuna drili inayopiga kelele, na kabati langu jipya nimelifunika kwa pazia. Nilipotaka kutafuta fundi mwingine, nikamkuta Mama ameshauburuta ule mlango wa pili, uliobaki mzima, hadi chumbani kwake na kuuegemeza kando ya kitanda. Nikamwambia safari hii nitachagua fundi mwenye biti sahihi, na ataanza na kipande.

"Mume nilimzika," akasema. "Huu mlango niachieni."