Palme za tairi la lori zilivyotaka kutunyima injini yetu, Cyangugu

Wakuu, salamu kwenu nyote. Siku hiyo ufukweni tulikuwa hawa: mimi, wadogo zangu watatu, Furaha, Patrice na Imani, Dezire mpiga mbizi, Mzee Birindwa, mtengeneza sandali za tairi, na Maman Neema, muuza sambaza, vile visamaki vya ziwa, kutoka Bukavu, aliyekuja kutucheka tu.

Nikiongeza chumvi, Furaha anasoma humu. Atanisuta.

Wazazi hatukuwa nao tena. Mimi mkubwa niliacha shule ili wale watatu wabaki shuleni. Tulichoachiwa ni mtumbwi mkubwa na injini yake, ya kuvusha wachuuzi ziwani.

Vita vilipoanza ng'ambo, Kongo, kila mwenye bunduki akapenda injini. Basi sisi watu wa ziwa tukazizamisha wenyewe. Unaipaka grisi, unaifunga turubai mara tatu, unaitosa, kisha ncha ya kamba unaificha chini ya jiwe.

Mambo yalipotulia nikaenda kuvuta yangu. Kamba ikaja peke yake, imeoza.

Injini ilikuwa imelala mita kumi na tano chini. Bila hiyo, muhula uliofuata wadogo zangu walikuwa wanakaa nyumbani.

Ndipo tukampata Dezire. Aliwahi kupiga mbizi bandarini huko Kongo, akakimbia vita na miwani yake na chupa moja ya hewa. Moja tu, na pa kuijazia hatukupajua. Palme zake, yaani yale mapezi ya miguuni, mwanajeshi alizichukua. Sijui aliandamana nazo hadi wapi.

Tukaagiza nyingine kwa Mzee Birindwa. Hapo ndipo mimi, wa kuacha shule, nikajipa cheo cha injinia. Nikataka tairi la lori, urefu wa mkono mzima. Hesabu yangu: kasia kubwa, mwendo mkubwa.

Mzee akasema, "Mutoto yangu, hii tairi haikunjame. Uache nikate mufupi, ku mwisho nipunguze."

"Mzee, weye unajua bilatu," nikamjibu mbele ya wote, yaani abaki na viatu vyake. "Mambo ya maji utuachie."

Watu wakacheka. Nikajiona mjanja.

Dezire akaingia majini kama bata aliyebeba milango miwili. Akazama. Tukaangalia mapovu.

Mapovu yakachemka palepale, kama sufuria ya maharage. Hayaendi mbele, hayarudi nyuma.

Maman Neema akapaza sauti: "Dezire! Unachimba kisima ao unaogelea?"

Alipoibuka, misuli ya miguu ilikuwa imemkaza, analia kama mtoto. Tukaangalia mshale wa chupa. Zaidi ya nusu ya hewa ilikuwa imekwisha, na injini hakuiona hata kwa mbali.

Imani akaniuliza mimi mkubwa wake, "Yaya, sasa?"

Mzee Birindwa akainuka. Alimvua Dezire zile palme, akakaa juu ya jiwe, akakata karibu nusu. Kisha akachonga kuanzia katikati kwenda nchani, mpaka ncha ikakunjika kwa kidole.

"Samaki haiko na mukia ya ubao," akasema, akazirudisha. Dezire akakanda miguu mpaka misuli ikalegea, akazama tena.

Wakuu, safari hii mapovu yalikwenda mstari ulionyooka.

Halafu yakapungua. Yakawa machache sana. Furaha akaanza kusali kwa sauti. Mara kamba mpya aliyozama nayo Dezire kuifunga injini ikavutwa mara tatu kutoka chini, ishara yetu, naye akatokea juu akitema maji, chupa tupu kabisa. Tukavuta sote, hata Maman Neema na kitenge chake kizuri.

Fundi aliifungua na kuikausha siku nne. Ikakohoa, ikawaka. Wadogo zangu wakarudi shule.

Nilichojifunza: pezi gumu linapiga maji juu na chini, wewe unabaki ulipo. Linalokunjika kidogo nchani linayatupa nyuma, nawe unakwenda. Na mguu ukitaabika, pumzi inakwenda haraka. Ukubwa ulikuwa wa kufurahisha macho yangu tu.

Mzee nilipomuuliza nimpe nini, akasema, "Uliniita mujinga mbele ya batu. Siku moja uniseme muzuri mbele ya balebale."

Nikacheka, nikasema kesho.

Vita vya pili vikaanza. Mzee akavuka kumtafuta mke wake Bukavu, na sikumwona tena. Kabla ya hapo alikuwa amempelekea Imani sandali, zimekatwa kwenye vile vipande vya palme nilizozing'ang'ania. Imani alizivaa kwenda shule Mibirizi mpaka zikambana.

Mwenye ujuzi wa mapezi aongeze, mwenye kunicheka anicheke, nimestahili. Ila nyie si balebale, si wale wale waliokuwa ufukweni siku ile, wakuu. Dezire yuko mbali, Maman Neema sijui aliko.

Bado nadaiwa.