Mtamba wa Rafiki Yangu Amelipia Kazi ya Mjukuu Wangu

Msimamizi, jina langu lifiche, na rangi ya ng'ombe nitakayemsema usiulize, maana hapa kambini Nakivale, Uganda, watu wanatambua ng'ombe haraka kuliko sura ya mtu.

Nimepita miaka sabini, zaidi ya hapo sijui. Ni mkimbizi, tulitoka milimani Kivu ya Kusini. Shuleni sikuketi hata siku moja. Anayeniandikia ni mke wa mchungaji wetu, nimemwapisha asilainishe maneno yangu. Kuna neno moja huko chini amekataa kabisa kuliandika. Mtalikisia.

Nimemlea mjukuu wangu tangu mama yake alipofariki, yeye akiwa bado ananyonya. Ananiita Koko, yaani bibi. Ni msichana mwenye akili mpaka inakera. Alipopata fasi ya chuo Mbarara kusoma biolojia, kanisani waliniimbia kama mimi ndiye ninayekwenda kusoma. Minervali, yaani karo, ya mwanzo nilipambana nayo kwa mahindi na maharagwe. Mwaka wa mwisho nikakwama. Nyumbani kulibaki ng'ombe mmoja tu, na huyo alikuwa ng'ombe wa urafiki.

Msiofuga, nisikilizeni. Kwetu rafiki akikupa ng'ombe, humlipi pesa. Unamtunza, unakunywa maziwa yake, na mtamba wa kwanza, yaani ndama jike, atakayezaliwa unamrudisha kwa aliyekupa. Ukimuuza kabla ya hapo, umeuza urafiki wenyewe. Aliyenipa ni Mama Furaha, na ng'ombe yule alikuwa bado hajazaa jike. Tulikimbia pamoja, tukazika watoto pamoja njiani. Nilimwendea macho chini. Akanijibu, "Uza. Mutoto asome. Mutamba wangu atatoka kwa diplome."

Mjukuu wangu alikuwepo. Alipiga magoti mbele yetu sote wawili akasema, "Nikianza kazi, kitu cha kwanza ni mtamba huyo. Nitamleta mwenyewe, nimeshika kamba kwa mkono wangu." Tukanywa maziwa ya mwisho ya ng'ombe yule, sisi watatu, kibuyu kimoja.

Alimaliza. Joho akavaa, picha akapiga. Halafu kimya. Shule ziliuliza cheti cha ualimu, hana. Hospitali ziliuliza cheti cha uuguzi, hana. Nikamwuliza, "Sasa hiyo biolojia ni ya kufanya nini?" Akasema, "Ya kuelewa viumbe, Koko." Nikamwambia, "Basi mwenye nyumba unayopanga naye ni kiumbe, mwelewe anapodai kodi." Tukacheka, lakini mimi nilicheka kidogo.

Mwishowe alipata kibarua Bwizibwera, karibu na Mbarara, kwenye kituo cha kukusanya maziwa, anapima kama watu wametia maji. Akishalipa chumba na kula, kinachobaki ni cha kununua mkia wa ng'ombe, si ng'ombe. Sikumsukuma. Mama Furaha naye hakunisukuma.

Siku moja akanipigia simu: "Koko, nimejibana, nimenunua mtamba!" Nilipiga vigelegele mpaka jirani akauliza nani anaoa. Nikakimbia kwa Mama Furaha. Na kweli kuna anayeoa: mjukuu wake wa kiume amechumbia, na upande wa binti wanangoja ng'ombe mmoja tu aliyebaki kwenye mahari. Wakakata miti, wakajenga zizi. Zizi hilo linatazamana na mlango wangu.

Nikangoja mtamba. Kila nikipiga simu, "Koko, niko kazini." Basi nikafunga unga na maharagwe, nikaenda Bwizibwera mwenyewe. Mwenye kituo, mzaliwa wa huko, alinipokea kwa mikono miwili, akaniita bibi kwa lugha yao. "Mukaaka, karibu! Wewe nalea mutoto muzuri sana. Yeye naletea mama yangu ng'ombe! Sasa yeye hapana mufanyakazi tu, yeye mutoto yangu."



Nikamvuta mjukuu wangu nje. "Mtamba wa nani umempa mama yake?" Hakulia hata. Hilo ndilo lililonichoma. Akasema, "Koko, nilikuwa kibarua tu. Wanakuja wenye digrii kama yangu, wanakubali nusu ya mshahara wangu. Sasa nimeandikwa kazi ya kudumu. Nitanunua mwingine."

"Lini?"

"Miaka miwili, labda mitatu."

"Na Mama Furaha?"

"Yeye ni wa kwetu, atangoja. Amezoea kungoja. Bosi hawezi."

Hapo ndipo nilipomwambia lile neno ambalo mama mchungaji amelikataa. Unga na maharagwe nilimwachia, maana amekonda.

Nimekaa nikipima. Biolojia ilikula ng'ombe wa kwanza, sasa imekula na mtamba, na mshahara bado unashibisha tumbo moja. Lakini bila ile kazi, hata hilo tumbo moja nani atalishibisha? Najua nikienda kwa mama wa bosi nikamwambia, "Mtamba huyu ana mwenyewe," atamtoa siku hiyo hiyo. Nao ni watu wa ng'ombe kama sisi. Lakini mjukuu wangu atafukuzwa kwa aibu, na mwingine mwenye digrii kama yake ataingia kabla kiti hakijapoa.

Mama Furaha anakuja kila siku, anakaa, anazungumza mambo ya mvua. Jana tu ndipo aliniuliza, "Barabara ya Mbarara imeharibika? Naona mutamba anachelewa." Nikaitika ndiyo. Tangu tufahamiane sijawahi kumdanganya. Nawezaje kumwambia amewekwa mwisho kwa sababu ndiye anayetupenda kuliko wote?

Mnaofuga na mliosoma, nipeni akili. Niende Bwizibwera nikamfungue mtamba, kazi ya mtoto ife? Au nivuke hapa mlangoni niende kwa Mama Furaha, mikono mitupu, nimwambie ukweli mbele ya zizi lake?

Na kwenye maoni, asinitukanie mtu mjukuu wangu. Kumtukana ni kazi yangu mimi niliyemlea.