Majina Kumi ya Uhusiano wa Kimataifa

Tawi la Uhusiano wa Kimataifa lingefunguliwa tu likipata majina kumi. Katibu wa fakalti alitutangazia hivyo tulipomaliza mwaka wa kwanza wa Siasa, hapa Likasi: yasipotimia, wote tunaingia tawi la Utawala. Mimi Utawala sikuutaka hata kwa dawa. Nimekulia kando ya barabara ya malori ya madini. Nilitaka kujua nchi zinavyokaa mezani kupatana juu ya mawe yetu, si kugonga mihuri katika ofisi ya komini. Na kwenda kulisomea Lubumbashi, ambako tawi hilo lipo, kwetu hakuna uwezo.

Basi nikapiga kampeni. Nilianza na rafiki yangu, tuliyelala naye chumba kimoja cha bweni tukiwa sekondari Mulungwishi, naye akanisaidia kuwapata wengine wanane. Wiki mbili walikuja kwetu, wakala bukari, ugali wa mama, wakaapa. Mmoja aliapa kwa jina la Yesu, mikono juu. Nikajiona mwanasiasa kweli kweli. Mjinga mimi!

Siku ya kusaini, karatasi mbili ziliwekwa mezani ofisini. Kwa kuwa ndiye niliyewaita, nikasema watangulie, mimi niwe wa mwisho. Kalamu ilikuwa yangu. Rafiki yangu alitoka wa mwisho kati ya wenzake, akanirudishia, akasema, "Ingia, dada."

Karatasi ya Uhusiano wa Kimataifa ilikuwa tupu. Tupu kabisa! Wote tisa walikuwa Utawala, jina la rafiki yangu chini, kwa mwandiko wake ule mzuri.

Nilisaini peke yangu. Nikamfuata uani.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili, kisha kutoka kanisa. Utawala iko na kazi. Ile ingine, nani atatutuma Ulaya?"

"Na jana ulikula kwetu!"

Akatazama viatu vyake. "Kama tungekuambia, weye ungetugeuza tena. Tuliogopa mudomo yako."

Hilo ndilo lililoniuma. Afadhali angesema sikuwahi kuwashawishi.

Katibu aligeuza karatasi yangu, akaandika ratiba ya mitihani upande wa nyuma, kisha akanitia Utawala, namba kumi, chini ya rafiki yangu. Tunakaa kwa kufuata orodha, kwa hiyo mpaka leo tuko bega kwa bega. Kalamu yake ikikauka, ananinyooshea mkono.

"Sina," namwambia, na yangu iko vidoleni.